Kabla ya Feni, Liulizeni Paa

Feni nyingi zinazozunguka leo kwenye misikiti ya Pemba hazikununuliwa na waliojenga msikiti. Zililetwa. Kijana wa Wete aliyeko Maskati, au watu wa Mkoani walioko Dubai, wanachangishana, wanazitia kwenye kontena pamoja na mazulia, vipaza sauti na friji la mama wa mmoja wao, na baada ya majuma kadhaa masanduku yanashushwa bandarini. Ijumaa inayofuata imamu anatangaza, watu wanaitikia dua, na Jumamosi asubuhi fundi umeme anaitwa.

Maswali yanayoulizwa Jumamosi hiyo yote ni ya umeme. Waya upo? Swichi ikae wapi, mlangoni au karibu na mihrabu? Umeme wa mita ya Tukuza utaliwa kiasi gani kwa mwezi? Paa haliulizwi chochote, maana paa lipo siku zote na halijawahi kumlalamikia mtu. Na hilo paa ndilo litakalobeba kila kilo na kila mtetemo wa feni hiyo tangu adhana ya Adhuhuri hadi watu watakapotoka Isha, leo na miaka kumi ijayo. Feni kubwa ni kazi ya paa kwanza, umeme baadaye. Anayeanza na umeme anaanzia mwisho.

Kosa hili lina historia yake, wala si uzembe mtupu. Kwa muda mrefu Pemba iliwashwa na majenereta ya dizeli ya Wesha, na mwenye feni aliipata siku mafuta yalipokuwepo. Juni 2010 ukazinduliwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga hadi Ras Mkumbuu, kiasi cha kilomita 78, wa kilovolti 33, kwa msaada mkubwa wa serikali ya Norway. Umeme ukaanza kutegemewa, na madarasa, kumbi, maghala na misikiti ikaanza kutaka upepo. Lakini majengo mengi yalikuwa yamekwisha simama. Seremala aliyepanga kenchi za msikiti wa kijijini mwaka 1985 alipiga hesabu ya mabati na mvua, na Pemba inazo mvua za kutosha. Hakuwa na sababu ya kufikiri kwamba ipo siku kitu kizito kitaning'inizwa katikati ya boriti na kuanza kuzunguka.

Sina ugomvi na feni yenyewe. Feni haipozi hewa. Inaisukuma hewa juu ya ngozi, jasho linakauka, mwili unapata nafuu. Upepo wa mita moja kwa sekunde humfanya mtu ahisi kama joto limepungua nyuzi tatu hivi, na kwa kisiwa chetu, ambako hata kaskazi ikikaza joto halivuki sana nyuzi 33, hiyo ni nafuu kamili. Ndugu zetu wa Maskati mwezi wa Juni, nyuzi 40 na ushei, feni peke yake ingewarushia moto tu. Hapa kwetu inatosha, na bei yake inabebeka: pangaboi la kawaida la inchi 56 linatumia wati 75 hivi, wakati kiyoyozi kidogo kinameza wati 1,000 na zaidi. Kamati ya msikiti inayonunua umeme kwa sadaka za Ijumaa inaijua tofauti hiyo bila kufundishwa.

Feni ya umeme ya dari ni ya zamani kuliko wengi tunavyodhani. Mwaka 1882 Philip Diehl, fundi mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi Marekani, alichukua mota aliyoibuni kwa cherehani za Singer akaifungia mapanga, akaitundika darini. Zile kubwa kabisa, ambazo kipenyo chake hufika mita 7.3, ni za juzi juzi. Zilianza miaka ya 1990 huko California, na mteja wao wa kwanza hakuwa mtu bali ng'ombe wa maziwa, ambaye joto likizidi hali vizuri na maziwa hupungua. Kutoka zizini zikaingia maghalani, viwandani, kumbini, na sasa zinaonekana hata kwenye misikiti mikubwa ya nchi za Ghuba. Huko ndiko mfadhili wetu anakoziona, akaingiwa na tamaa ya kuleta moja nyumbani.

Basi tuzitazame kwa karibu, maana macho hudanganya.

Feni ya mita 7.3 inazunguka taratibu, mara 50 hivi kwa dakika. Ukikaa chini yake unaweza kuhesabu mapanga. Lakini ncha ya kila panga, katika mzunguko mmoja, inatembea karibu mita 23, na kwa mizunguko 50 hiyo ni mwendo wa karibu kilomita 70 kwa saa, mwendo wa daladala iliyochelewa. Pangaboi dogo la nyumbani, linalozunguka mara 300 kwa dakika, ncha yake nayo inakwenda kilomita 79 hivi. Mwendo karibu ni mmoja, ila panga la feni kubwa ni bomba la aluminiamu la mita tatu na zaidi, na feni nzima pamoja na mota huweza kupita kilo 100. Anayeitazama na kusema hii imetulia amehadaika.

Hata ile ndogo ina nguvu zake. Panga la nusu kilo, kwa mwendo wa mara 300, linataka kuchomoka kwa nguvu inayolingana na mzigo wa kilo 20 na kidogo. Halichomoki, na hatuioni nguvu hiyo, kwa kuwa wenzake wanavuta upande wa pili na zinafutana. Sasa chukua gramu 20 tu za ziada upande mmoja: vumbi lililogandamana, skrubu isiyo ya kwake, panga lililopinda kidogo kwenye kontena. Gramu hizo zinakuwa mvuto wa karibu kilo moja unaokwenda huku na huku mara tano kila sekunde. Kwa saa moja ni mara 18,000. Hakuna nati duniani isiyosikia hesabu hiyo.

Ndiyo maana nasikitika nikisikia mazungumzo ya aina hii, ambayo kila mwenye feni amewahi kuyasikia:

"Fundi, mbona inayumba?"

"Haidhuru, Shekhe, ndio mwendo wake. Itajizoesha."

Feni haijizoeshi. Ikiyumba siku ya kwanza, ya mia itayumba zaidi, kwa sababu kila mtikisiko unaipa nafasi ya mtikisiko unaofuata.

Turudi paani. Katika majengo yetu feni hukutana na paa la aina tatu, na kila moja lina jawabu lake.

Penye sakafu ya zege juu, njia iliyo salama kuliko zote ni kulabu ya chuma cha milimita 12, iliyofungwa kwenye nondo za sakafu kabla zege halijamwagwa, mikono yake ikipita juu ya nondo ili zege na nondo vyote viishike. Ni kazi ya dakika chache na chuma cha bei ya chai. Lakini lazima ifanywe na mwashi, siku ya kumwaga zege, pengine miaka mitatu kabla fundi umeme hajafika. Hapo ndipo tunapopungukiwa. Mwashi hajui feni itakaa wapi, fundi umeme hajaajiriwa, na mwenye jengo anawaza saruji. Kulabu inasahaulika, na baadaye watu wanatoboa.

Kutoboa si haramu, ila kuna masharti. Boliti ya kutanuka inashika kwa kubana kuta za tundu. Ikining'inizwa juu, ikivutwa chini na kutikiswa mchana kutwa, inategemea uzima wa zege lile kwa kila kitu. Na zege letu tunalijua. Visiwani mchanga mzuri ni taabu, na pale ulipochotwa ufukweni ukachanganywa bila kuoshwa, chumvi imeingia ndani pamoja nao. Chumvi inaila nondo taratibu, nondo ikipata kutu inavimba, zege linapasuka na kumeguka kwa chini. Ukiona kwenye dari mstari wa rangi ya kutu, au plasta iliyojikunja, hapo si pa kupiga boliti. Gonga kwa nyundo ndogo: zege zima linalia kwa sauti kavu, bovu linatoa sauti ya kitu kilicho wazi ndani. Fundi asiyegonga kabla ya kutoboa msimruhusu aendelee.

Penye paa la mabati juu ya kenchi za mbao, mambo ni mengi zaidi, na hili ndilo paa la skuli na misikiti yetu mingi. Kosa linalofanyika kila siku ni kuchukua ubao wa chini wa kenchi, kupiga skrubu nne kutoka chini kwenda juu, na kutundika. Skrubu iliyopigwa hivyo inashikwa na nyuzi za mbao tu, na uzito unaivuta kwa njia ile ile iliyoingilia. Mbao ikikauka, au mchwa wakishafika, inatoka. Boliti inatakiwa ipite ubao kutoka upande hadi upande, katikati ya kimo chake, na iwe na bamba la chuma huku na huku ili kichwa chake kisizame kwenye mbao. Bora kuliko hapo ni kulaza boriti nyingine juu ya kenchi mbili au tatu, ili zigawane mzigo, na feni ikatundikwa kwenye boriti hiyo, karibu na fundo ambapo mbao za kenchi zinakutana. Katikati ya ubao mrefu, mbali na fundo lolote, ndipo unapopinda upesi. Na ndipo hasa watu wanapopapenda, kwa kuwa ni katikati ya chumba na panapendeza.

Kabla ya yote mtu apande na tochi. Achokoe mbao kwa bisibisi mahali feni itakapokaa na mita moja huku na huku. Njia za mchwa, unga chini ya tundu, mbao inayoingia bisibisi bila kubisha: hilo si paa la feni, ni paa la seremala. Kwa bahati njema Pemba ina maseremala, na wengi wao wataona mengi kwa dakika tano kuliko fundi umeme kwa siku nzima. Aitwe mmoja. Alipwe. Sijui tumejifunza wapi kwamba kazi ya feni ni ya mtu mmoja na ngazi yake.

Kenchi za chuma, za maghala na kumbi mpya, ndizo zinazofaa feni kubwa kabisa, lakini nazo zina adui. Hewa ya bahari inamla mwenye kuchomelea ovyo. Ukichomelea kipande kwenye chuma kilichopakwa zinki, moto unaiunguza ile zinki, na ndani ya msimu mmoja utaona wekundu pale pale penye uzito. Vishikio vya kubana kwa boliti, vinavyokumbatia chuma bila kukitoboa wala kukiunguza, vinagharimu zaidi dukani na vinaokoa zaidi darini. Feni ya kilo 100 haikai kwa kubahatisha; anayeijua hesabu ya chuma lazima athibitishe kwamba kenchi inaibeba, tena inaibeba ikiwa inazunguka.

Na hizo dari za jipsam zilizoingia fasheni, zenye maua na mataa ya rangi! Sizichukii, ila zinaficha kulabu. Baada ya miaka mitano hakuna anayekumbuka feni imeshika nini huko juu. Anayejenga dari ya namna hiyo aache kidirisha karibu na kila feni, kinachofunguka, hata kikiharibu maua.

Sasa kitu kidogo kuliko vyote katika kazi hii. Chukua pangaboi la kawaida ulitazame pale juu, chini ya kile kikombe cha plastiki kinachoficha kulabu. Kuna kipuli cha mpira kinachokaa ndani ya kulabu, kuna boliti inayopita katikati yake, kuna nati, na nje ya nati kuna tundu dogo kwenye boliti. Tundu hilo ni la kota pini: kijichuma cha miguu miwili kinachopenyezwa, kisha miguu yake ikapanuliwa, mmoja huku mmoja kule, ili nati hata ikilegea isitoke. Pini ya pili iko chini, bomba linapoingia kwenye mota. Bei yake haitajwi, inakuja bure kwenye kijifuko pamoja na skrubu. Kwa kuwa ni ndogo inaanguka, inapotea kwenye zulia, na badala yake unapigwa msumari wa inchi moja, au waya wa kufungia nondo, au hakuna. Kikombe kinapandishwa, kinafunika kila kitu, na feni inaonekana imefungwa sawa na ya jirani. Kama mkuu wa kamati ana jambo moja tu la kusimamia, basi ni hili: kikombe kisipandishwe mpaka yeye mwenyewe, kwa macho yake, ameziona pini mbili na miguu minne iliyopanuliwa.

Baada ya pini ni waya wa usalama. Feni kubwa zote za kiwanda huja nao, na hata za kawaida zinastahili: waya wa chuma unaozunguka mwili wa mota na kwenda kufungwa paani, mahali pengine kabisa, si kwenye kulabu ile ile wala boliti ile ile. Kulabu ikikatika, waya unaidaka feni kabla haijawafikia watu. Ukiufunga pamoja na kulabu, vitakatika pamoja. Uwe na ulegevu mdogo tu, maana feni ikidondoka nusu mita kabla ya kudakwa tayari imepata kishindo cha kukata waya wenyewe. Feni kubwa zinaongezewa waya nne za pembeni, zinazovutwa kwa usawa kwenda kenchi za jirani, ili bomba refu lisibembee. Usawa ndio siri: moja ikikazwa kuliko nyingine, feni inasimama upande.

Kimo nacho kina sheria zake. Feni kubwa mapanga yake yasipungue mita tatu kutoka sakafuni, na pangaboi la nyumbani lisishuke chini ya mita 2.3. Lakini sakafu si kipimo pekee. Msikitini kuna mimbari, na khatibu anasimama juu ya daraja. Ukumbini kuna watoto wanaobebwa mabegani siku ya harusi. Katika dahalia za skuli kuna vitanda vya ghorofa, na mwanafunzi wa kitanda cha juu, akinyoosha mikono asubuhi akiwa bado ana usingizi, anafika pale ambapo kipimo cha sakafu kilisema ni salama. Feni ya dahalia inakaa juu ya njia kati ya vitanda, au inakuwa ya ukutani yenye wavu. Juu nako isibanwe: ikiwa karibu mno na dari inakosa hewa ya kuvuta, na sentimita 30 ndicho kiasi cha chini kinachofaa kwa pangaboi. Taa zisikae juu ya mapanga. Kivuli kinachokatakata juu ya msahafu kinamchosha msomaji, na wengine kinawaumiza kichwa.

Umeme sasa, na nitaupitia haraka kidogo, maana mafundi wetu wanaujua. Kituo cha Mafunzo ya Amali cha Vitongoji kimetoa vijana wengi wa kazi hii. Kuna mambo machache tu ambayo ni ya kwetu hasa.

La kwanza ni kibandiko kilicho ubavuni mwa mota. Umeme wetu ni volti 230, mizunguko 50 kwa sekunde. Oman na Imarati nao ni mizunguko 50, kwa hiyo zawadi ya huko haileti taabu. Saudia ni 60. Feni ya mota ya kawaida iliyotengenezwa kwa 60 peke yake, ikiletwa na haji kutoka Jidda, hapa itazunguka polepole na mota yake itapata moto. Kama kibandiko kimeandika 50/60, mshukuru Mungu uendelee. Cha Marekani, cha volti 120, kirudi sandukuni.

La pili ni mazoea yetu ya kusubiri umeme ukatike. Umeme ukiondoka, fundi anasema nafasi imepatikana, anapanda ngazi, anashika waya. Swichi kuu iko vile vile, imewashwa. Umeme haupigi hodi ukirudi. Breka inazimwa, inafungwa au inatolewa kabisa, na ufunguo unakaa mfukoni mwa aliye juu ya ngazi, si kwa mtoto wa madrasa aliyeambiwa asimame pale asiguse mtu. Penye jenereta au betri za sola, nazo zizimwe, kwa sababu zinawaka zenyewe pale pale umeme mkubwa unapozimika. Waya upimwe kwa mita. Testa ya bisibisi ina siku zake za kusema uongo. Kapasita ya feni iliyokwisha kutumika iachwe ipoe na iondolewe chaji kabla ya kushikwa.

Swichi ikate laini, isikate nyutro, la sivyo feni iliyozimwa bado ina moto. Ethi iunganishwe kweli, kwenye mwili wa mota na kwenye kenchi ya chuma kama ipo. Nyaya za kale za nyekundu na nyeusi zisiunganishwe kwa kubahatisha na mpya za kahawia na buluu. Feni kubwa ya fezi tatu ikizunguka kinyume, fezi mbili zimebadilishana. Isiachwe hivyo kwa sababu "upepo upo tu," kwani mapanga yake yamekatwa kwa upande mmoja na upepo huo ni mabaki.

Siku ya kupandisha, watu watoke. Si wasogee, watoke. Pemba ni kisiwa kinachojua kuanguka: kila msimu wa karafuu wapo wachumaji wanaoporomoka mikarafuuni, na ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, limekuwa likiwalipa fidia walioumia. Lakini anayeanguka kutoka kwenye meza iliyopandishwa juu ya meza, ndani ya darasa, huyo hayumo katika hesabu ya mtu. Jukwaa la mabomba lenye ubao mpana na uzio linakodishwa Chake Chake kwa wajenzi. Pangaboi linaweza kubebwa mkononi. Feni kubwa inavutwa kwa kapi na kamba, na hapo ningewaita watu wa bahari kabla ya watu wa umeme, maana wanaopandisha foromali kwa henza wanajua kushikilia uzito bila kuuachia na kuuteremsha bila kukimbizwa nao. Mota inapanda kwanza, peke yake. Mapanga yanafungwa juu, moja na lile lililo mkabala nalo, boliti zote kwa nguvu moja.

Kisha feni inawashwa kwa mwendo wa chini kabisa, ukumbi ukiwa mtupu. Dakika kumi. Mwendo wa pili, dakika kumi. Anayesikiliza asimame pembeni, asizungumze. Mlio wa tik, tik unaokwenda na mzunguko ni kitu kilicholegea. Mngurumo mzito unaoongezeka na mwendo ni mota au umeme. Mlio wa mbao ni paa, na huo ndio wa kuzima mara moja. Kuangalia kama mapanga yako sawa, pimeni kutoka dari hadi ncha ya kila moja, feni ikiwa imezimwa na breka iko chini, kwa kulizungusha taratibu kwa mkono: likitofautiana limepinda. Kuna ujanja mmoja wa mafundi wa viwandani ambao haugharimu kitu. Baada ya kukaza nati ya mwisho, wanachora mstari wa rangi, mwembamba, kuanzia kwenye nati hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Miezi mitatu baadaye mtu anasimama sakafuni na tochi: mstari ukiwa mmoja, nati haijasogea, ukiwa umekatika, imesogea. Hata muadhini mzee anaweza kukagua hivyo bila ngazi.

Wiki ya kwanza fundi arudi akaze, kwa sababu kila kitu kipya kinajilaza. Malipo yake ya mwisho yasubiri marudio hayo. Baada ya hapo ukaguzi wa mara mbili kwa mwaka unatosha, na sioni haja ya kalenda mpya: mmoja kabla ya Ramadhani, kabla tarawehe haijajaza watu chini ya kila feni, na mwingine kabla kaskazi haijaingia. Skuli zifanye likizoni. Penye wafanyakazi, kama ghala au kiwanda, mwajiri anawajibika kwa kinachoning'inia juu ya vichwa vyao, na Zanzibar ina sheria ya usalama na afya kazini tangu 2005.

Vumbi lipanguswe juu ya mapanga yote siku moja. Kupangusa mawili na kuacha moja ni kutengeneza zile gramu 20 kwa mikono yako. Na panga likipinda, kwa ngazi iliyogongwa au mpira wa watoto, halinyooshwi kwa goti wala halinunuliwi moja. Kiwanda kilipima seti nzima pamoja, na inabadilishwa seti nzima. Yale ya zamani yaliyosalia mazima yakatwe siku hiyo hiyo na kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Yakirudishwa stoo, baada ya miaka miwili atatokea mtu mwenye nia njema atakayeyafunga pamoja na mengine.